Malezi ya awali na ulinzi wa mtoto: ni kazi ya namna gani?

Binti akimaliza kidato cha nne pale Igoma au Nyakato, hapa Mwanza, akasema anataka kusomea malezi ya watoto wadogo, kuna swali litamfika kabla ya jioni: "Yaani uende chuo kusomea kukaa na watoto?" Anayeuliza hana nia mbaya. Amezoea kuona kazi hiyo ikifanywa na shangazi, bibi au dada wa kazi, tena bila cheti. Lakini swali hilo limewarudisha nyuma vijana wengi wenye kipaji, kwa hiyo linastahili jibu lililonyooka.

Malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo maofisini hufupishwa MMMAM, ni mambo yote anayopaswa kupata mtoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 ili akue vizuri kimwili, kiakili, kihisia na kijamii. Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya MMMAM ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Ndani yake kuna nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ni nguzo zilezile za mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Malezi yenye mwitikio maana yake ni kwamba mtoto akilia, akinyoosha kidole au akiuliza, yupo mtu mzima anayeitika.

Nguzo ya tano ndiyo watu huisahau. Wengi wanadhani ulinzi wa mtoto ni kazi ya polisi na ustawi wa jamii peke yao, na kwamba mwalimu wa awali yeye ni nyimbo, rangi na kuhesabu. Sivyo. Mtoto aliyelala akisikia kipigo, au asiyejua leo atachukuliwa na nani, haingizi kichwani hata irabu moja. Na anayemwona mtoto huyo kila siku, kwa saa nyingi kuliko afisa yeyote wa serikali, ni mlezi wake wa kituoni.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwa wavulana ni zaidi ya 1 kati ya 10. Ukatili wa kimwili ulikuwa umewapata takriban robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana.

Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria ulinzi una sura nyingine pia. Nenda mwaloni, yaani ufukweni wanakoshushia samaki, pale Kirumba, Igombe au Kayenze alfajiri. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mitumbwi hurudi kunapokucha. Mama anayenunua na kuanika lazima awepo mapema, kabla mzigo haujaisha. Mtoto wake wa miaka 3 ama anaachwa na dada yake wa miaka 8, ama anafuatana naye na kucheza hatua chache kutoka kwenye maji. Hapo hatari ya kwanza ni ziwa lenyewe. Kati ya njia ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza ili kuzuia watoto kuzama, mojawapo ni hii: pawepo mahali salama, mbali na maji, ambapo watoto ambao bado hawajaanza shule wanaangaliwa na mtu mwenye ujuzi. Yaani kituo cha malezi karibu na mwalo kinaokoa maisha hata kabla hakijafundisha wimbo wowote. Lakini kikifunguliwa saa 2 asubuhi hakimsaidii mama wa dagaa, maana saa hizo za hatari zimeshapita. Anayetaka kufanya kazi hii huku afuate saa za mwalo, na ajue kwamba siku za mbalamwezi biashara hupoa, watoto hupungua na ada huchelewa.

Sasa tumwangalie mlezi aliyefunzwa akiwa kazini. Asubuhi anachuchumaa mlangoni, usawa wa macho ya mtoto, anaitikia "Shikamoo mwalimu" ya kila mmoja na kumwita kwa jina. Huku akiitikia, macho yake yanapita: kuna alama shingoni ambayo jana haikuwepo, nguo ni zilezile za juzi, huyu aliyezoea kukimbilia bembea leo ameganda ukutani. Anaandika kwenye daftari la matukio tarehe, saa, alichokiona, na maneno ya mtoto kama yalivyotoka. Haandiki "nadhani ni baba wa kambo". Hamhoji mtoto mara tatu tatu, na hamwahidi kwamba itabaki siri yao wawili, kwa sababu ahadi hiyo hawezi kuitimiza. Jioni hamkabidhi mtoto kwa bodaboda yeyote aliyesema "nimetumwa na mama". Jina la anayeruhusiwa kumchukua liko kwenye daftari, lisipokuwepo anapiga simu kwanza.

Taarifa aliyonayo anaipeleka kwa mkuu wa kituo na kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure. Mtoto akiwa amebakwa au kulawitiwa, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe, awahishwe hospitali siku hiyohiyo: dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Ndugu watakuja na maneno ya kuyamaliza kifamilia. Mlezi asimame imara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake.

Kazi zenyewe ni zaidi ya moja. Mlezi wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana anasimamiwa na upande wa ustawi wa jamii, wakati mwalimu wa darasa la awali yuko upande wa elimu na husomea vyuo vya ualimu au chuo kikuu. Afisa ustawi wa jamii huajiriwa na halmashauri na ndiye anayeshughulikia mashauri ya watoto. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ni chuo kinachofahamika kwa fani hiyo. Wapo pia maafisa maendeleo ya jamii, askari wa dawati, na mashirika ya Mwanza yanayohudumia watoto wa mitaani na watoto wanaotumikishwa majumbani. Malipo ya walezi wengi ni madogo, wengine hawana hata mkataba, na mimi naona ni aibu kumkabidhi mtu watoto wetu kutwa nzima halafu tukamlipa kama kibarua.

Kabla ya kulipa ada ya chuo, hakikisha kozi ya malezi au ustawi unayoitaka inatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Na kama wazo lako ni kufungua kituo, usianze kwa kupaka ukuta rangi. Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, iwe Ilemela, Nyamagana au Ukerewe, uulize masharti ya usajili: jengo, vyoo vya watoto, maji, uzio, sifa za walezi, na idadi ya watoto ambayo mlezi mmoja anaruhusiwa kuangalia.