Mjusi wa Tibet hana damu baridi

Tumezoea kusema mijusi wana damu baridi, kisha tunahitimisha kwamba hawawezi kuishi penye baridi kali. Si kweli. Kwenye nyanda za Tibet na Ladakh (kaskazini mwa India), zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, yupo mjusi mdogo mwenye kichwa bapa kama cha chura. Jina lake la kisayansi ni Phrynocephalus theobaldi. Edward Blyth, mtunzaji wa makumbusho ya Asiatic Society, chama cha wasomi kule Calcutta, India, alimweleza mwaka 1863 na kumpa jina la William Theobald, mtaalamu wa miamba aliyependa pia nyoka na konokono.

Damu yake haina ubaridi wa kudumu. Inafuata joto analolipata nje. Huko juu hewa ni nyembamba na jua ni kali mno, hivyo akijianika mchangani mwili wake hupata joto kuliko hewa inayomzunguka. Usiku hujificha shimoni.

Linalonivutia zaidi ni uzazi wake. Wengi huamini kila mjusi hutaga mayai, lakini huyu huzaa watoto hai. Yai lililoachwa kwenye udongo baridi lingekua polepole mno, au lisianguliwe kabisa. Mama hubeba watoto tumboni na kuwatembeza juani, akiwatafutia joto siku nzima. Hata kwetu nyanda za juu za Kenya, kinyonga wa Jackson, yule wa pembe tatu, huzaa vivyo hivyo.