Skolashipu ya nje si ya vipanga wa mjini tu

Mwalimu wa kijijini mwenye miaka 38 anasoma tangazo la ufadhili wa uzamili, anakunja karatasi, anaitia mfukoni. "Hizi ni za vijana wa mjini wenye daraja la kwanza," anasema. Inaniuma, maana ufadhili mmoja mkubwa ulioletwa hadi kwetu ulikuwa kinyume kabisa cha hayo.

Kati ya 2001 na 2013, Ford Foundation ya Marekani iligharamia masomo ya uzamili na uzamivu ya watu zaidi ya 4,300 kutoka nchi 22, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. (Si kampuni ya magari, ingawa wengi huzichanganya. Edsel Ford, mwana wa mwasisi wa kampuni hiyo, aliianzisha taasisi hii ya hisani 1936, nayo ilikwisha kuuza hisa zake zote za kampuni hiyo kufikia 1974.) Umri haukuwa na kikomo. Walitafutwa hasa walioachwa nyuma: watu wa vijijini, wanawake, wenye ulemavu, jamii zilizotengwa. Alama zilitazamwa, lakini pamoja nazo waliuliza: umeifanyia nini jamii yako, na ukirudi utafanya nini?

Kiingereza kikiwa kizito? Kabla ya chuo kulikuwa na mafunzo ya lugha, kompyuta na utafiti. Programu hiyo imefungwa, ila fadhili nyingine bado huuliza swali lile lile la jamii. Kwa hiyo mwalimu aliyechimbisha kisima cha shule aandike hicho kisima kwenye fomu, kwa tarehe na idadi ya ndoo.