Je wajua kwa nini kondoo wazima wanaweza kuzaa mwana mwenye miguu ya buibui?

Wafugaji wa Marekani wanamwita buibui, mwanakondoo anayezaliwa na miguu mirefu kupita kiasi, magoti yamepinda, uti wa mgongo umejikunja na pua imebinuka, kusimama shida kunyonya shida, wengi wanakufa mapema. Anapatikana zaidi kwenye kondoo wa aina ya Suffolk na Hampshire. Sasa cheki, mama yake mzima, baba mzima, tena pengine ndo lile dume lililobeba zawadi kwenye maonyesho, so mfugaji anaanza kulaumu malisho, mara madini, mara jirani.

Anayemaliza ubishi ni mpatholojia wa mifugo, daktari ambaye wagonjwa wake wengi wanamfikia washakufa. Na ukichagua kubobea kwenye mifupa uwe na subira aisee, maana mfupa hauwezi kukatwa vipande vyembamba vya hadubini ukiwa mgumu vile, inabidi uuloweke kwenye dawa ya kutoa chokaa siku kadhaa hata wiki, ndo ukate, upake rangi, uangalie ile gegedu, yaani mfupa laini, ya kwenye ncha ambako mfupa unarefukia. Kawaida chembe zake zinakaa safu safu, kwa buibui safu zimevurugika na gegedu imekuwa nene. Ukipiga eksrei kiwiko unakuta vipande vipande vya mfupa vimetawanyika, na hiyo kwa mtaalamu inatosha kumfanya ashtuke.

Jeni yenyewe ilijulikana 1999, inaitwa FGFR3, na kazi yake ni kuwa breki ya ukuaji wa mfupa. Kwa buibui breki haishiki, mfupa unaenda tu. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba kwa binadamu jeni hiyohiyo breki ikishika muda wote mtu anakuwa na akondroplasia, yaani ule ufupi wa mikono na miguu tunaouona zaidi duniani, na 2021 Marekani ikapitisha dawa ya watoto, vosoritide, inayolegeza hiyo breki.

Haya, wazazi wazima je? Kuugua mpaka urithi jeni mbovu mbili, moja ya baba moja ya mama. Mwenye moja haumwi, ila utafiti wa 2006 ulionyesha mifupa yake inarefuka kidogo kuliko ya wenzake, na zamani, ugonjwa ulipokuwa unaenea, majaji wa maonyesho walikuwa wanapenda kondoo warefu! Yaani watu walikuwa wanachagua ugonjwa wenyewe wakidhani wanachagua uzuri.

New Zealand walipata kinyume chake kwa kondoo wa Texel, mwana anazaliwa yuko freshi, wiki chache baadaye kimo kimegoma, miguu imetanuka, wengine wanakufa koo la hewa likiporomoka. Wapatholojia wa chuo cha Massey cha hukohuko waliuelezea ugonjwa huo 2005, wakazalisha kondoo wa aina hiyo kwa makusudi ili waone unavyorithiwa, jeni ikapatikana 2012, herufi moja tu ya DNA imedondoka kwenye SLC13A1 inayosafirisha salfeti ambayo gegedu inaihitaji. Miaka 7 kwa herufi moja.

Kwa buibui siku hizi kuna kipimo cha vinasaba, na dume mwenye jeni moja si lazima achinjwe, ukimpandisha kwa jike safi hapati mwana mgonjwa hata mmoja, ila nusu hivi ya wanawe watakuwa wanaibeba, kwa hiyo nao wapimwe kabla hujawauza.