Je, mama anayelea peke yake ndiye chanzo cha umaskini?

Katika mazungumzo mengi ya Dar es Salaam, kuanzia vibaraza vya Manzese hadi daladala za Mbagala, husemwa kwamba umaskini huanza ndoa inapovunjika na mama akabaki kulea peke yake. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa kipato kimoja hubeba kodi ya chumba, chakula na sare za shule kwa taabu kuliko vipato viwili, lakini inachukua tokeo na kuliita chanzo.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 26.4 Tanzania Bara, asilimia 31.3 vijijini, na asilimia 8 Dar es Salaam, jiji lile lile linalolaumiwa kila siku kwa kuvunja ndoa. Tofauti hiyo inafuata zaidi ajira, masoko, barabara na elimu.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kanuni. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linamwelekeza mjane ategemee matunzo ya watoto wake badala ya kupewa fungu la urithi, na hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Mwanamke aliyefungiwa milango hiyo miwili, ambaye leo anakaanga vitumbua Tandale tangu alfajiri, hastahili kuambiwa kwamba shida yake ni kukosa mume.