Je, wajua kwa nini ofisa utumishi wa miaka kumi hurudi darasani?

Mchukulie ofisa utumishi wa Chake Chake, Pemba. Likizo za watu anazijua kwa kichwa, jalada la mtumishi yeyote analitoa kabatini bila kuuliza, na Afisa Mdhamini, yaani msimamizi wa wizara kwa upande wa Pemba, akitaka kujua nani anakaribia kustaafu, yeye ndiye anayeitwa. Kisha siku moja anaomba ruhusa ya masomo. Anapanda boti Mkoani, anavuka Unguja, anavuka tena bara mpaka Mzumbe, Morogoro, kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali watu. Wenzake humuuliza, na ni suali la haki kabisa: anakwenda kujifunza nini asichokijua?

Kazi ya utumishi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mishahara, likizo, barua na taratibu, na hii hujifunzwa kazini vizuri kuliko darasani. Ya pili ni kupima watu: nani aajiriwe, nani apandishwe cheo, kwa nini yule kijana hodari kaacha kazi. Hapa uzoefu unaweza kutudanganya kwa sababu moja ambayo wengi hatuifikirii. Tuliyemwajiri tunamwona kila siku, akifanya vyema tunasema jicho letu halikukosea. Tuliyemkataa hatumwoni tena. Huenda angefanya mara mbili ya huyu, lakini hakuna siku tutakayolijua kosa letu. Miaka kumi ya namna hiyo huongeza yakini ya mtu bila kuongeza usahihi wake.

Basi darasa la uzamili huanza kwa kumnyang'anya mtu yakini. Mfano mzuri ni ule wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago nchini Marekani. Kati ya 1924 na 1932 yalifanywa majaribio pale, na katika yale ya mwanzo watafiti walibadilisha mwangaza wa taa ili waone kama kazi itaongezeka. Hadithi iliyoenea duniani ni kwamba taa zikiongezwa kazi ilipanda, zikipunguzwa ilipanda vilevile, kwa kuwa wafanyakazi walijua wanaangaliwa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huikariri hadithi hii na kufaulu mtihani. Wa uzamili huambiwa aendelee kusoma mpaka afike 2011, wakati wanauchumi Steven Levitt na John List walipozichambua upya takwimu za zile taa na kukuta kuwa ushahidi wa hadithi hiyo ni dhaifu mno. Napenda sana watu wakifika hapo. Kitu walichokiamini tangu shahada ya kwanza kinatikisika mikononi mwao, na kuanzia siku hiyo hawasomi tena kwa namna ile ya zamani.

Kwa Mzanzibari kuna mzigo wa ziada. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Vitabu na mihadhara ya bara husimama juu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004. Kwetu ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huohuo, na kwa watumishi wa serikali Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Hata mchango wa kustaafu unakwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar ulioanzishwa kwa sheria ya 1998. Kila somo la sheria mwanafunzi wetu hulisoma mara mbili, moja kwa ajili ya mtihani na moja kwa ajili ya ofisi atakayorudi.

Lakini kinachonifanya niamini kwamba visiwa hivi vinawahitaji watu hawa ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu unayemjua.

Msomaji wa Unguja na Pemba sina haja ya kumweleza muhali ni nini. Umekaa katika jopo la usaili, anaingia mtoto wa jirani aliyekuletea futari Ramadhani iliyopita. Hujapewa hata senti, wala mtu hajakuomba kitu, ila ulimi unakuwa mzito kumpa alama anayostahili. Muhali huohuo ndio unaoharibu tathmini za mwisho wa mwaka, ambapo idara nzima inapata "vizuri sana" na aliyefanya kazi kweli anabaki kujiuliza alijichosha kwa nini.

Taaluma hii imelishughulikia jambo hilo kwa muda mrefu, japo jina letu hailijui. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya miaka 85 ya utafiti juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Walitumia kipimo ambacho sifuri maana yake njia haitabiri chochote na moja maana yake inatabiri bila kukosea. Usaili wa mazungumzo huru ulipata 0.38. Usaili uliopangwa, ambao kila mwombaji anaulizwa masuali yaleyale na majibu yanapewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kabla, ulipata 0.51. Uchambuzi mwingine wa 2022 ulizishusha namba hizo, lakini usaili uliopangwa ukabaki juu. Kwa jopo la Wete au Vuga faida haiishii kwenye namba. Mjumbe aliyebanwa na muhali sasa ana karatasi mbele yake. Mama wa kijana akimsimamisha njiani, anaweza kumjibu kwa heshima na kwa kweli: masuali yalikuwa ya wote, na alama zilifuata majibu.

Kwenye tathmini ni hivyohivyo. Tangu 1963 watafiti Patricia Smith na Lorne Kendall walionesha namna ya kupima kwa matendo badala ya sifa. "Ana bidii" kila mtu atapewa, nani atamnyima mwenzake? "Barua za wananchi huzijibu ndani ya siku tatu" ama ni kweli ama si kweli, na jalada linaonesha.

Utafiti wa 1998 una namba nyingine ambayo siwezi kuificha. Miaka ambayo mtu amekaa masomoni ilipata 0.10 tu. Kwa hivyo cheti cha uzamili chenyewe, kikitundikwa ukutani, hakimfanyi mtu kuwa bora kazini. Mwenye kusoma ili apandishwe daraja atapandishwa, na masuali ya usaili katika idara yake yatabaki yaleyale ya kubuniwa asubuhi ya siku yenyewe.

Anayesoma kweli utamtambua kwenye tasnifu. Ofisa wetu wa Chake anarudi nyumbani kukusanya data, tuseme kuhusu kwa nini watumishi wanaficha malalamiko yao. Dodoso lake halina sehemu ya jina, anadhani ameshawalinda watu. Linauliza jinsia, umri, cheo na idara tu. Msimamizi wake, ambaye hajawahi kufika Pemba, analipitisha. Ofisa mwenyewe ndiye anayestuka usiku akilisoma tena: mwanamke, zaidi ya miaka hamsini, mkuu wa kitengo, idara fulani. Pemba nzima yuko mmoja, na kila mtu anamjua hadi kwao. Asubuhi anakifuta kipengele cha idara, anaunganisha vyeo vitatu kuwa kundi moja, umri anaugawa mafungu mawili tu, kisha anapiga chapa upya madodoso yote kabla hajampa mtu hata mmoja.