Kusahihisha makosa ya kwantamu: kupima gunia bila kulifungua

Tuseme uko soko la Kibuye, Kisumu, mbele ya magunia matatu ya mahindi. Yanafaa kuwa na uzito sawa, ila moja huenda limepunguzwa. Huruhusiwi kuyafungua wala kujua kilo zake. Una mizani ya sahani mbili tu. Unapima la kwanza na la pili, mizani inalala upande mmoja. Unapima la pili na la tatu, inatulia. Basi lenye kasoro ni la kwanza, na kilo hazijajulikana.

Kompyuta ya kwantamu hujisahihisha vivyo hivyo. Kyubiti, yaani kipande chake kidogo kabisa cha habari, hubeba 0 na 1 kwa mchanganyiko, na ukiipima moja kwa moja mchanganyiko huo unapotea. Kuinakili nako hakuwezekani. Hilo lilithibitishwa mwaka 1982. Mwaka 1995 mwanahisabati Peter Shor alionyesha njia: tandaza habari ya kyubiti moja katika kyubiti tisa, kisha uliza tu kama zinalingana.

Sasa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka, nami naona ndilo kiini cha usahihi wote: mizani yenyewe hukosea. Ikilala, huenda gunia limepungua, au ni mizani iliyotikisika. Kwa hiyo hupimwa tena na tena, halafu programu iitwayo king'amuzi husoma mfululizo wa majibu na kukisia kosa lilitokea wapi. Ikikisia vibaya, itaharibu kilichokuwa kizima. Tena haina muda: katika chipu za umeme usio na ukinzani, duru moja ya vipimo huchukua takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. AlphaQubit, king'amuzi cha akili bandia kilichotangazwa na Google mwaka 2024, kilikisia vizuri kuliko vilivyotangulia, lakini hakikuwa na kasi hiyo.

Kuongeza kyubiti pia si dawa ya moja kwa moja, maana kila moja huja na makosa yake. Makosa hayo yakizidi kizingiti, ambacho kwa mpangilio wa gridi ni karibu asilimia 1, kuongeza ni kuharibu zaidi. Desemba 2024 chipu ya Willow, pia ya Google, ilionyesha kuwa iko chini ya kizingiti: gridi ilipokuzwa kutoka 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, makosa yalipungua zaidi ya nusu kila hatua. Gridi hiyo ya mwisho ililinda kyubiti moja tu, na ilihitaji magunia 49 na mizani 48, yaani kyubiti 49 za kubeba habari na 48 za kupima.