Uwiano wa haki katika matangazo ya dawa

Mswahili anayehamia Marekani hukutana na matangazo ya dawa mapema tu. Kwenye televisheni bibi anamwagilia maua, mjukuu anacheka, na huku sauti tulivu inataja kiharusi, kuharibika kwa ini na mawazo ya kujiua. Wengi hushangaa: kampuni inatoaje fedha zake ili ijisemee mabaya? Inalazimishwa na sheria. Tangazo la dawa ya cheti, yaani ile inayouzwa kwa agizo la daktari tu, haliruhusiwi kunadi faida bila kueleza madhara, na watu wasiopaswa kuitumia dawa hiyo, kwa uzito unaolingana. Sharti hilo ndilo naliita hapa uwiano wa haki.

Chanzo chake ni mwaka 1962. Dawa ya thalidomide, iliyotumiwa na wajawazito, ilikuwa imesababisha maelfu ya watoto, hasa Ulaya, kuzaliwa na mikono au miguu pungufu, na Bunge la Marekani likapitisha marekebisho ya sheria ya dawa yaitwayo Kefauver-Harris. Pamoja na mengine, usimamizi wa matangazo ya dawa za cheti ukakabidhiwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka 1997 FDA ilipolegeza masharti ya redio na televisheni, matangazo haya yakamiminika sebuleni kwa watu.

Kosa la kawaida ni kudhani uwiano ni kuhesabu maneno: sentensi tatu za faida, tatu za madhara, basi. Kanuni yenyewe inakwenda mbali zaidi. Inataja aina na mpangilio wa herufi, jinsi rangi zinavyotofautiana, vichwa vya habari, aya, hata nafasi nyeupe iliyoachwa kwenye ukurasa. Mimi kila nikiisoma naona kwamba waliotunga kanuni hii walikijua chumba chetu wabunifu wa matangazo, kwa maana wametaja kila chombo tunachotumia kuvuta jicho la msomaji. Ukiipa faida nusu ukurasa ipumue, kisha ukayasonganisha madhara pale chini kama abiria wa daladala saa za jioni, umevunja sharti hata kama kila neno uliloandika ni kweli.

Televisheni imebanwa zaidi. Kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2023, ambayo kampuni zilitakiwa kuifuata kufikia Novemba 2024, madhara makuu husomwa kwa sauti na kuonyeshwa kwa maandishi kwa wakati mmoja, kwa lugha nyepesi, bila muziki au picha za kumpotezea mtazamaji umakini. Tatizo lenyewe lilikwishaonekana. Mwaka 2008 FDA iliionya kampuni ya dawa ya Bayer kuhusu matangazo ya vidonge vya uzazi wa mpango vya YAZ: yalivuka matumizi yaliyoidhinishwa, na picha za harakaharaka pamoja na muziki vilifunika maelezo ya madhara. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwaka uliofuata kampuni ilikubaliana na majimbo kadhaa kutumia angalau dola milioni 20 kwa matangazo ya kusahihisha yale ya kwanza.

Udogo wa nafasi nao si udhuru. Mwaka 2015 Kim Kardashian, nyota wa televisheni, aliisifu Diclegis, dawa ya kichefuchefu cha ujauzito, kwenye Instagram bila kutaja madhara hata moja. FDA ikaiandikia kampuni inayoiuza, ujumbe ukaondolewa, ukaja mwingine wenye maelezo ya madhara.

Sasa tuje kwa mteja, maana hapa ndipo wabunifu wengi huchoka. "Mteja" ni neno moja linalobeba watu wengi. Yupo meneja wa bidhaa anayetaka tangazo liuze. Wapo pia daktari, mwanasheria na mtaalamu wa kanuni, ambao hupitia kila mstari na kuuliza: dai hili rejea yake iko wapi? Kwa kawaida FDA haikagui tangazo kabla halijatoka. Kampuni huliwasilisha linapoanza kutumika. Barua ya onyo ikija, tangazo liko hewani tayari, na watu hao ndio watakaoijibu.

Chukua mfano wa dawa ya baridi yabisi. Umeandika, "Yarudie maisha yako." Daktari anaukata mstari, anasema utafiti haukupima maisha. Unaudhika, lakini amesema kweli, na amekufungulia mlango. Muulize utafiti ulipima nini. Akikuambia wagonjwa waliulizwa kama wanaweza kuvaa wenyewe na kufunga vifungo, basi umepata kifungo cha shati. Kwa mtu ambaye vidole vyake hukakamaa kila asubuhi, kifungo kile kina nguvu kuliko ule mstari wako wa kwanza, na kina rejea.

Meneja naye atakuomba uyasogeze madhara pembeni kidogo, "yanaharibu picha". Usibishane naye kuhusu uzuri, hapo atakushinda kwa sababu fedha ni zake. Muulize kama yuko tayari kuwaeleza wale watatu kwa nini herufi za madhara ni ndogo kuliko za faida.

Tena, mara nyingi tatizo hilo tumelitengeneza wenyewe. Tunapeleka mchoro wa kwanza ukiwa na kisanduku cha kijivu pale yatakapokaa madhara. Mteja anaipenda picha kubwa na weupe wake, kisha maandishi halisi yanafika na kula nusu ya ukurasa, na kila mtu anahisi ameibiwa. Weka maandishi kamili tangu mchoro wa kwanza, kwa ukubwa wa herufi utakaochapishwa, na ubuni ukiwa nayo mezani. Mgonjwa mwenye ini bovu anatafuta sentensi moja tu katika ukurasa ule, nayo haimo kwenye picha yako.